Televisheni imezimika, lawama imemwangukia binti wa kazi

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo mama,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, mke na mama wa watoto wawili. Naomba jina langu lisitoke. Jambo langu huenda utaliona dogo kwa sababu linaanzia kwenye televisheni, lakini hii ni wiki ya pili sipati usingizi.

Televisheni yetu ni ya inchi 43. Baba watoto aliinunua mwaka jana kwa shilingi 750,000, baada ya kudunduliza miezi mingi. Akirudi kazini anaoga, anakula, anakaa mbele yake. Aliinunulia na gadi, kile kidude cha kukinga umeme, akatuambia sote kwamba isichomekwe popote ila hapo.

Mimi nina friza. Nauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, na mabonge ya barafu kwa wauza samaki. Baba watoto hakuitaka friza hiyo tangu mwanzo, anasema inakula umeme kuliko inavyoingiza. Tulibishana mpaka akanyamaza, lakini najua hajaridhika. Nayo ilikuwa na gadi yake, ikaharibika mwezi uliopita. Nilipanga kununua nyingine nikipokea upatu.

Siku hiyo mchana umeme ulikuwa mdogo sana. Taa zinafifia, friza inanguruma inazima, inanguruma inazima. Nikaogopa itakufa na barafu za watu ndani. Nikachomoa televisheni kwenye gadi nikachomeka friza, na televisheni nikaipeleka kwenye soketi ya pembeni moja kwa moja. Nikajiambia jioni nitarudisha. Nikasahau.

Usiku tulitazama taarifa ya habari ya saa mbili, mimi, watoto na binti wa kazi. Baba watoto alikuwa zamu ya usiku. Kwenye saa nne umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya mwisho feni ya sebuleni ilizunguka kwa kasi mpaka mwanangu mdogo akacheka. Baadaye ikatulia, tukalala. Alfajiri nilipoamka kuswali nikakumbuka ile plagi, nikairudisha televisheni kwenye gadi. Sikuiwasha. Wallahi sikujua kama ina tatizo.

Baba watoto alirudi asubuhi, akabonyeza rimoti, kimya. Akakagua nyuma, akaona imechomekwa kwenye gadi kama alivyoagiza, akasema basi si umeme. Akamgeukia binti. Aliwahi kumkuta siku moja anafuta kioo kwa kitambaa chenye maji, akamkanya. Binti akaapa kwamba tangu siku ile anatumia kitambaa kikavu. Mimi asubuhi ya jana yake nilimwona ameshika kitambaa karibu na televisheni, lakini kama kilikuwa na maji au la, sikuangalia.

Binti ana miaka 19, ametoka Singida, yuko nasi mwaka na nusu. Tunamlipa 80,000 kwa mwezi na sehemu kubwa anamtumia mama yake. Baba watoto ameamua amkate 40,000 kila mwezi mpaka televisheni ilipike. Juzi nilimkuta anakunja nguo zake.

Fundi wa mtaani alikuja, akabonyeza bonyeza bila kufungua, akasema pawa imekufa, tumpe 120,000. Mwingine nilimweleza kwa simu akasema hicho ni kioo, tununue mpya. Mimi nimefikiria nikipokea upatu wangu wa 200,000 nimpe fundi kimyakimya, ikiwaka niseme kilikuwa kitu kidogo, na yaishe. Nikisema ukweli friza itauzwa, hilo nina hakika. Tena ataniuliza kwa nini nilikaa kimya wiki mbili nikimwangalia mtoto wa watu analia, na jibu sina.

Nifanye nini mama? Na je, kuna namna ya kujua kwa hakika kilichoiua?

Mama Barafu, Tanga

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona binti anayekunja nguo. Mara ya pili nilikuona wewe. Mara ya tatu ndipo nikaitafuta televisheni yenyewe, nikakuta umeniandikia karatasi nzima kuhusu nani ameiua, na neno moja tu kuhusu hali yake: kimya. Hujaniambia kama ile taa ndogo nyekundu inawaka. Hujaniambia kama kuna mtu ameijaribu kwenye soketi nyingine. Nyumba nzima imeshahukumu, na mgonjwa hajapimwa.

Nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Uliihamisha plagi kwa sababu uliogopa kupoteza friza. Uliirudisha alfajiri bila kujua kuna lililotokea. Lakini kuirudisha kwako ndiko kulikomfanya mumeo aseme si umeme, na aliposema si umeme akabaki na mtu mmoja wa kumlaumu. Kinachokunyima usingizi, nadhani, si ile dakika ya kuchomoa plagi. Ni ile dakika ya asubuhi alipomgeukia binti na wewe ukanyamaza, na kila siku iliyofuata ambayo imezidi kuifanya dakika hiyo iwe ndefu.

Nitayarudia hayo. Kwanza televisheni, kwa sababu uliniuliza swali la kweli na linastahili jibu. Nilikwenda kwa fundi ninayemwamini, mzee aliyeanza kazi enzi za televisheni zenye mgongo mkubwa, nikamsomea yale yanayomhusu bila kutaja unakotoka. Swali lake la kwanza lilinishtua: "Nani kasema televisheni ni mbovu?"

Fikiri naye. Usiku ule gadi ndiyo iliyoupokea ule umeme mkali, ikiwa na friza. Huenda gadi yenyewe ndiyo iliyokufa, na televisheni ambayo tangu alfajiri ile imechomekwa hapo haipati umeme kabisa. Gadi nyingi pia zikirudishiwa umeme husubiri kidogo, nyingine hata dakika kadhaa, kabla ya kuupitisha, na mtu asiyejua huona kitu hakiwaki akakata tamaa. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni dogo: chomeka chaja ya simu kwenye tundu lile lile la gadi uone kama simu inaingia chaji. Kisha chomeka televisheni kwenye soketi nyingine ambayo una hakika inafanya kazi, mchana, umeme ukiwa umetulia, uitazame ile taa nyekundu.

Isipowaka, usifike mbali. Kama plagi yako ni ya pini tatu za bapa, ndani yake mara nyingi kuna fyuzi ndogo kama punje ndefu, na fyuzi ya duka la vifaa vya umeme haikufilisi. Kama ni ya pini mbili inayovalishwa adapta, jaribu adapta nyingine, kwa sababu hizo hulegea, na kwetu pwani chumvi ya hewani hula shaba mpaka ikageuka kijani. Waya unaoingia nyuma ya televisheni nao usukume vizuri. Wengi humwita fundi kumbe waya umechomoka kidogo wakati wa kufagia. Halafu kuna dawa ambayo fundi yule hujaribu kabla ya kushika bisibisi: chomoa televisheni ukutani, bonyeza kitufe chake cha kuwashia, kile kilicho chini ya kioo au kwa nyuma, ukishikilie kama nusu dakika, uiache kidogo, kisha uichomeke. Umeme ukikatika na kurudi mara nyingi ubongo wa televisheni unaweza kuganda, na hivyo ndivyo unavyozinduliwa.

Taa nyekundu ikiwaka lakini televisheni haiitiki, shuku rimoti. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu ubonyeze. Kwenye kamera nyingi utaona mwanga mdogo unamemeta ambao kwa macho huuoni. Usipouona, anza na betri. Taa ikiwa inapepesa, hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika, uandike, kwa sababu kwa televisheni nyingi hiyo ni lugha inayomwambia fundi pa kuanzia. Na kama unasikia sauti bila picha, subiri giza, washa tochi uiweke karibu na kioo. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kioo chako ni kizima, zilizokufa ni taa za LED za nyuma yake, na hizo hubadilishwa kwa gharama isiyofanana hata kidogo na ya kioo.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini mafundi wako wawili wametofautiana. Mmoja hakufungua, mwingine hakuona. Siwasemi vibaya, pengine ni waungwana wote wawili. Ila kabla hujatoa hata mia, fundi apime mbele yenu kama bodi ya umeme, ile wanayoiita pawa, inatoa volti zinazotakiwa, akuonyeshe kilichoungua, na kitakachobadilishwa akukabidhi cha zamani. Na kabla mtu hajagusa skrubu, tafuta kadi ya waranti. Umesema ilinunuliwa mwaka jana. Kama muda wa kadi haujaisha, kuifungua mtaani kunaweza kuifuta. Wewe na mumeo msifungue kabisa, hata ikiwa imechomolewa. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini ukishageuzwa ndani ya bodi, ile kapasita kubwa, kidude kinachotunza umeme, hushika zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo kwa muda baada ya plagi kutoka. Una watoto wadogo hapo.

Sasa ile hakika uliyoiomba. Kuna neno uliliandika ukapita, nami na fundi tulisimama hapo: feni. Feni ya kawaida haizidishi kasi yenyewe. Ikikimbia kupita kawaida, maana yake volti zimepanda. Waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ukikatika au kulegea mahali, nyumba zinazotegemea nyutro hiyo zinaweza kupata umeme wa kuelekea volti 400 badala ya 230, na vitu huungua nyumba hadi nyumba. Waulize majirani zako kwa upole: usiku ule kuna aliyepoteza redio, king'amuzi, hata balbu? Wakiwapo wawili watatu, utakuwa umejifunza kitu kikubwa. Na televisheni iliyozimwa kwa rimoti tu bado inanywa umeme, kwa hiyo hata kama hamkuwa mnaitazama wakati ule, haikuwa salama.

Kuhusu kitambaa, fundi aliniambia hivi. Maji yanayofutwa juu ya kioo huteremka mpaka ukingo wa chini, huko zipo nyaya nyembamba kama karatasi zinazopeleka picha. Dalili ya kawaida ya maji hayo ni mistari, au sehemu ya kioo kuwa nyeusi, na si televisheni nzima kunyamaza. Yenu iliwaka jioni nzima, mkatazama habari, na ikanyamaza baada ya umeme kuchezacheza. Lakini hakuapa, na mimi siapi. Maji yanaweza kula taratibu na madhara yakaonekana siku za baadaye, na kioo kikipiga shoti kinaweza kuifanya televisheni ijizime kujilinda. Hiyo fundi ataijua akifungua.

Na kuhusu wewe na gadi, sitakudanganya ili upate usingizi. Kama kilichoiua ni umeme kupanda vile, gadi nzima huenda ingeiokoa. Vilevile huenda isingeiokoa: gadi hukata kwa swichi ya ndani ambayo inahitaji muda kidogo kushtuka, na dhoruba fupi ya umeme hupita kabla. Tena kuna jambo ambalo sijui kama mumeo analijua. Geuza televisheni usome nyuma; nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, maana yake umeme mdogo hauzisumbui sana. Anayeumia kwa umeme mdogo ni friza, kwa sababu mota yake hulazimika kuanza na nguvu haina, ikachemka. Mchana ule, kati ya vile vitu viwili, friza ndiyo iliyokuwa hatarini na gadi ilikuwa moja. Uliamua kama mtu anayelinda riziki. Ulichokosea ni kusahau jioni, na kusahau hakukuanza na wewe.

Basi ukishajua hayo yote, je, lile la binti limekwisha? Hapa ndipo nilipotaka tukae kidogo. Wewe umeunganisha mambo mawili: ukijua kwa hakika kilichoiua, ndipo utajua kama useme. Nikuulize tu. Fundi akikuambia kesho kwamba ni kitambaa, binti atakuwa na kosa, lakini mumeo bado atakuwa ameamua bila kujua kwamba usiku ule televisheni haikuwa kwenye gadi. Akikuambia ni umeme, hali ni ile ile. Jambo analolikosa mumeo ni moja, na halimo ndani ya televisheni.

Ile njia ya kumpa fundi kimyakimya naielewa, na ina wema ndani yake, kwa sababu unataka kulipa. Nimeitazama kila upande. Televisheni itawaka. Mumeo atafurahi. Lakini binti atabaki ndiye aliyeiharibu, ila ametengenezewa, na siku nyingine kikivunjika kitu wa kwanza kutazamwa atakuwa yeye. Na fundi wa mtaani ana mdomo. Siku moja atamsalimia mumeo dukani amuulize, vipi ile bodi niliyobadilisha, inadunda? Hapo utakuwa na vitu viwili vya kueleza badala ya kimoja. Fedha nayo ihesabu: 200,000 ukitoa 120,000 inabaki 80,000 na gadi ya friza hujanunua.

Kuna njia ya pili, kumtetea binti bila kujitaja. Unaweza kumwambia mumeo habari ya feni, ya majirani, ya taarifa ya habari mliyoitazama. Yote ni kweli. Huenda akalegea. Hatari yake ni kwamba atarudi pale pale: lakini ilikuwa kwenye gadi. Na wakati huo utakuwa umekaa mbele yake, umeulizwa, na ukweli uko mdomoni. Kunyamaza asubuhi ile ulishikwa na mshtuko. Kunyamaza ukiulizwa ni kitu kingine, na nakuhofia kuliko unavyojihofia.

Ya tatu ni kusema. Umeniambia una hakika friza itauzwa. Hakika hiyo umeipata wapi, mwanangu? Kweli mumeo hakuitaka. Lakini alinyamaza, na friza ipo. Je, anajua inaingiza kiasi gani? Anajua ni nani aliyelipa daftari za watoto muhula uliopita? Pengine anajua, pengine hajawahi kuhesabiwa. Ukienda na daftari la mauzo ya mwezi, hata kama umeliandika kwa penseli, mazungumzo hayatakuwa ya plagi peke yake. Si lazima yaende vizuri. Anaweza kukasirika, akasema maneno ya friza yaliyolala siku nyingi. Na lile swali la wiki mbili atakuuliza, na umesema jibu huna. Mimi naona umeshaniandikia: niliogopa. Ni jibu fupi, halikupambi, lakini ni la kweli na mtu mzima analielewa.

Barua yako haisemi unaogopa hasira ya namna gani. Kama ni ya maneno na kununa siku tatu, hiyo umeizoea na itapita. Kama ni ya mkono, basi yote niliyosema juu yangoje. Usiwe peke yako, awepo mtu mzima anayemheshimu, mjomba au shemeji, na ujue kwamba Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili ya mambo hayo. Niandikie tena kwa upesi kama ndivyo.

Kuhusu mshahara kuna jambo mumeo anapaswa kulijua, na sikupi ili ukampige nalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Robo ya 80,000 ni 20,000, siyo 40,000. Tena hasara halisi si bei ya televisheni mpya kama itatengenezeka kwa 120,000. Na yote hayo yanaanzia kwenye neno kosa, ambalo hakuna aliyelithibitisha. Naamini mumeo si mtu mbaya. Ni mtu aliyedunduliza miezi mingi akapoteza alichokipenda, na amepewa habari nusu. Mtu wa namna hiyo ukimwekea hesabu mbele yake mara nyingi hutulia.

Nani aanze kusikia, mumeo au binti? Hapa mimi mwenyewe nimebadili mawazo mara mbili nikiandika. Ukianza na binti, utampumzisha moyo usiku huu huu, lakini utakuwa umempa siri ya nyumba aibebe, naye ana mizigo yake. Ukianza na mumeo, binti anaweza kuwa ameshapanda basi la Singida kabla hujamaliza kutafuta maneno. Labda kuna katikati: mwambie binti leo kwamba asiende, kwamba wewe huamini ameiharibu na unalishughulikia. Hilo ni kweli tayari, halihitaji fundi wala upatu. Akikuuliza kwa nini huamini, utajua mwenyewe moyo wako umefika wapi.

Sikuchagulii, kwa sababu kesho yake si mimi nitakayekaa kwenye kile kiti cha sebuleni. Ila kuna jambo moja hukuniambia, na limenihangaisha tangu nilipokunja barua yako. Friza sasa hivi imechomekwa wapi? Ikiwa televisheni isiyowaka ndiyo iliyokalia gadi ya nyumba, na friza iko ukutani mtupu na barafu za watu ndani, basi jaribu ile gadi kwa chaja kama nilivyosema, na ikiwa nzima ihamishie friza leo, mumeo akiwa nyumbani, mchana kweupe. Atakuuliza unafanya nini.